Sura ya Sita: Je, Kusafishwa Meno Kunaharibu Fizi?

Je, kusafishwa meno kunaharibu fizi? Swali hili huulizwa kwenye kila foleni ya kliniki ya meno, iwe ni kwa mkazi wa Nyamisangura, kata iliyo ndani ya Mji wa Tarime, wa Mugumu wilayani Serengeti au wa Dar es Salaam. Wanaouliza wana sababu zao. Mtu ameingia na meno yasiyouma, ametoka akitema damu. Siku tatu baadaye maji baridi yanamchoma meno. Wiki chache baadaye anajitazama kwenye kioo na kuona meno yamekuwa marefu, na kati ya jino na jino kuna nafasi ambazo hakuwahi kuziona. Majirani humwambia kuwa chuma cha daktari ndicho kilichomla fizi.

Jibu lina pande mbili, na zote ni za kweli. Vifaa vya kutibia fizi hujeruhi. Hakuna mtaalamu anayeweza kupitisha chuma chenye makali chini ya ufizi uliovimba bila kuuchubua hata kidogo. Lakini sehemu kubwa ya anayoyaona mgonjwa haikuletwa na chuma. Ililetwa na ugonjwa uliokaa kimya kwa miaka, na matibabu yakauanika. Kutenganisha mambo hayo mawili kunamfaa sana mgonjwa, kwa sababu anayeyachanganya huogopa tiba isiyo na madhara makubwa, au huvumilia uzembe ambao hakupaswa kuuvumilia.

Ufizi mzima na ufizi mgonjwa

Kati ya jino na ukingo wa ufizi kuna ufa mwembamba. Kwa mtu mwenye fizi nzima, kina chake ni milimita 1 hadi 3. Chini ya ufa huo tabaka jembamba la seli limeubandika ufizi kwenye jino, na chini ya tabaka hilo zipo nyuzi imara zinazoshikilia jino, kisha mfupa wa taya.

Kila siku meno hupata utando laini uliojaa bakteria. Utando usipopigwa mswaki, chumvi za mate huugeuza kuwa ugaga, yaani gamba gumu la rangi ya njano, kahawia au nyeusi ambalo haliondoki kwa mswaki wa dukani wala wa mti. Ufizi unaoguswa na uchafu huo huvimba na kutoa damu. Hiyo ni hatua ya kwanza, na bado inarudishika. Kwa baadhi ya watu ugonjwa husonga mbele: ufizi hubanduka kwenye jino, ule ufa hugeuka kuwa mfuko wa milimita 4, 6 au hata 10, na mfupa huanza kuyeyuka. Mfupa ulioyeyuka kwa kawaida haurudi.

Ukuta wa ndani wa mfuko huo huwa umejaa vidonda vidogo ambavyo mgonjwa havioni. Mishipa ya damu iko wazi, haina hata ngozi ya kuifunika. Ndiyo maana ufizi mgonjwa hutoa damu kwa kuguswa tu, na ndiyo maana damu inayomwagika siku ya kusafishwa si kipimo cha ukali wa mkono wa daktari. Mara nyingi ni kipimo cha ugonjwa. Chuma kile kile kikipitishwa pembeni ya jino lenye ufizi mzima hutoa damu kidogo sana, au kisitoe kabisa.

Si kila mwenye ugaga hufika kwenye hatua ya mfupa. Uchunguzi uliofanywa Machakos, Kenya, na kutolewa mwaka 1988 uliangalia watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65. Wengi walikuwa na utando na ugaga tele, lakini mifuko ya milimita 4 au zaidi ilionekana kwenye chini ya asilimia 20 ya pande za meno zilizopimwa. Kwa hiyo ugaga peke yake si ruhusa ya kuchimba chini ya kila ufizi. Pima kwanza, kisha kwangua panapohitajika. Majeraha mengi yasiyo ya lazima huanza pale hatua ya kupima inaporukwa.

Kipimo chenyewe

Kifaa cha kwanza kuingia kinywani ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, kinachotumbukizwa taratibu kando ya jino kupima kina cha mfuko. Zamani ncha yake ilikuwa kali, na mkono mzito uliweza kuutoboa mwisho wa mfuko na kuzama kwenye nyama yenyewe. Jeraha lilitokea, na kipimo kikasomeka kirefu kuliko kilivyo. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza kijiti chake cha kupimia, likaweka nchani kitone cha mviringo chenye kipenyo cha nusu milimita. Kitone hicho hakitoboi kwa urahisi, na pia huusaidia mkono kuhisi ugaga uliojificha.

Nguvu inayoruhusiwa ni ya gramu 20 hadi 25. Wanafunzi hufundishwa jaribio moja rahisi: ingiza ncha ya kijiti chini ya ukucha wa kidole gumba, kisha sukuma. Ukiona ukucha unaanza kuuma, nguvu imezidi. Mgonjwa anayeruka kwenye kiti kwa maumivu wakati wa kupimwa tu ana haki ya kuinua mkono na kuomba polepole.

Vikwanguo vya mkono

Kazi kubwa ya kuondoa ugaga hufanywa na vikwanguo. Vipo vya umbo la mundu, vyenye ncha kali na makali pande zote mbili. Hivi ni vya ugaga ulio juu ya ufizi. Kuvisukuma ndani ya mfuko ni kosa, kwa sababu ncha huchana ukuta wa ufizi na mgongo wake mpana hutanua nyama hadi ikapasuka. Vipo pia vya umbo la kijiko chembamba, vyenye ncha ya mviringo na mgongo laini, na hivyo ndivyo vilivyokusudiwa kushuka chini ya ufizi. Vingine vimepindwa kwa namna ambayo kila kimoja kinafaa upande fulani wa jino fulani. Mtaalamu anayebadilisha kifaa mara kwa mara hapotezi muda, anailinda nyama.

Kinachofuata ni pembe. Makali yanapolala juu ya jino kwa nyuzi 70 hadi 80, hung'oa ugaga vizuri. Yakilala chini ya nyuzi 45, huteleza juu ya ugaga na kuulainisha tu. Yakizidi nyuzi 90, upande wa pili wa makali hugeukia ufizi, na kila mvuto unachana nyama. Tofauti kati ya kutibu na kuchana ni mzunguko mdogo wa vidole, na jicho halioni chochote kwa kuwa kazi yote inafanyika chini ya ufizi. Mkono ndio unaoona.

Mkono unaoona unahitaji pa kuegemea. Kidole cha pete huwekwa juu ya jino la jirani, na kifaa huvutwa kikiwa na egemeo hilo. Kikwanguo kinachoshikwa hewani, bila kidole kilichotulia, kikiteleza huishia kwenye ulimi, shavu au sakafu ya kinywa, na huko mishipa ya damu ni mikubwa kuliko ya kwenye ufizi.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kikwanguo butu ni hatari kuliko kikali. Mchuna ng'ombe yeyote mnadani anajua kuwa kisu kilichokwisha makali ndicho kinachomkata mkono, kwa sababu analazimika kukikandamiza. Kwenye ufizi ni vivyo hivyo. Kifaa butu hudai nguvu zaidi, nguvu huzaa kuteleza, na ugaga wenyewe haung'oki bali hupigwa bapa na kubaki jinoni. Mgonjwa anapata hasara mbili: ameumizwa, na ugonjwa umeachwa. Isitoshe, kikwanguo kilichonolewa mpaka kikawa chembamba mno kinaweza kuvunjika na kuacha kipande ndani ya mfuko. Kinoo na macho ya kukagua vifaa ni sehemu ya tiba kama ilivyo ganzi.

Mashine ya mtetemo

Mashine ya kusafishia meno ina ncha ya chuma inayotetemeka kwa kawaida mara 25,000 hadi 45,000 kwa sekunde. Mtetemo huvunja ugaga, na maji yanayorushwa nchani husafisha mabaki na kupoza chuma. Maji hayo ndiyo moyo wa usalama wake. Yakikatika au yakipungua, ncha hupata joto haraka na kuunguza ufizi, na joto likipenya jinoni huudhuru mshipa ulio hai ndani yake. Alama ya kuungua ni doa jeupe ukingoni mwa ufizi, ambalo baadaye huchubuka na kubaki kidonda.

Hatari ya pili ni kuielekeza ncha moja kwa moja kwenye jino badala ya kutumia ubavu wake. Ncha iliyosimamishwa hivyo huchimba vishimo kwenye mzizi, na vishimo hivyo huwa makazi mapya ya utando. Hatari ya tatu haitokei mara nyingi, lakini inafaa kujulikana. Hewa ya shinikizo ikipulizwa ndani ya mfuko inaweza kupenya chini ya ngozi. Shavu au kope huvimba ghafla, na likibonyezwa linasikika likichakarika. Hali hiyo inahitaji daktari saa ile ile.

Sindano ya ganzi nayo ina majeraha yake: alama ya damu iliyovilia, taya kukaza kwa siku chache, au midomo iliyong'atwa bila kujua. Mdomo hubaki na ganzi kwa saa 2 hadi 3, na wengi huungua kwa chai au uji wa moto kwa sababu hawausikii. Mtoto aliyepigwa ganzi asiachwe peke yake, anaweza kujitafuna mdomo mpaka ukawa kidonda.

*Kwa ufupi: damu nyingi siku ya kusafishwa mara nyingi ni ya ugonjwa. Jeraha la kweli la kifaa hutokana na nguvu iliyozidi, pembe mbaya, makali yaliyokwisha, ncha isiyo na maji, au kifaa kilichopelekwa mahali kisipostahili.*

Nusu milimita inayopotea

Ukubwa wa jeraha la kawaida unajulikana. Watafiti waliopima mahali ufizi unapojishika kwenye jino kabla tu ya kukwangua na mara tu baada ya kukwangua waliona kuwa unarudi chini kwa takriban nusu milimita au zaidi kidogo. Hiyo ndiyo gharama ya chuma. Kwenye mfuko wenye kina kirefu gharama hiyo hulipwa na faida: ugaga umeondoka, uvimbe unashuka, na ufizi hujibandika upya juu zaidi ya ulipokuwa.

Kwenye ufizi mzima hesabu inageuka. Mwaka 1982 watafiti nchini Sweden walionyesha kuwa kukwangua mizizi mahali penye kina cha chini ya milimita 2.9 humpotezea mgonjwa mshiko badala ya kumwongezea. Kwa upasuaji wa fizi mpaka huo ni milimita 4.2. Tarakimu hizi zinastahili kukaa kichwani mwa kila anayeshika kikwanguo. Kumkwangua mtu chini ya fizi zake zote, nzima na mbovu, kila anapofika kliniki, si bidii. Ni kumla ufizi kidogo kidogo.

Ukuta wa mfuko uliochubuliwa hujifunika upya ndani ya wiki moja hadi mbili, na nyuzi za chini huchukua wiki kadhaa zaidi. Ndiyo sababu daktari hapimi tena mifuko kabla ya wiki 4 hadi 6. Kijiti kikiingizwa mapema kinavunja kile kilichoanza kujengeka.

Meno marefu na maji baridi

Ufizi uliovimba umejaa maji na damu, na hulifunika jino juu kuliko inavyopaswa. Ugaga nao hujaza nafasi kati ya meno. Vyote viwili vikiondoka, ufizi hunywea na kukaa mahali mfupa ulipo sasa, na mfupa huo ulikwisha kushuka kabla mgonjwa hajafika hospitali. Nafasi nyeusi kati ya meno, na jino linalocheza kidogo baada ya kusafishwa, huonyesha uharibifu uliokuwa umefichwa na uvimbe na gamba.

Mzizi uliobaki wazi huhisi baridi, tamu na chachu. Kwa watu wengi hali hiyo hupungua yenyewe katika wiki chache, na dawa ya meno yenye floraidi husaidia. Daktari anapaswa kumweleza mgonjwa haya yote kabla ya kuanza. Mgonjwa asiyeelezwa hutafsiri mwenyewe, kisha harudi tena.

Tarime, umeme na mtungi wa mvuke

Huduma inayotolewa zaidi kwenye kliniki za umma za meno Tanzania ni kung'oa. Watu huja jino likiwa limekwisha, na matibabu ya fizi hubaki nyuma. Mkazi wa Nyamisangura ana kliniki hapo Tarime mjini. Mfuko wake ukiwa mrefu kupita uwezo wa kikwanguo, hupewa rufaa kwenda Musoma, kwenye hospitali ya mkoa, au kwenye hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwenye safari hiyo ndefu mtu wa kwanza kukutana naye, mara nyingi tabibu wa meno, ndiye anayeamua kama fizi zitatibiwa kwa kipimo au kwa kubahatisha.

Umeme kukatika si kisingizio cha tiba mbaya. Katikati ya miaka ya 1980, miaka michache tu baada ya mafunzo ya madaktari wa meno kuanza Dar es Salaam mwaka 1979, daktari wa meno Jo Frencken na wenzake wa chuo kikuu cha huko walibuni nchini Tanzania namna ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono pekee, bila mashine ya kutoboa. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa nchi zote mwaka 1994. Ilikuwa njia ya kutibu meno yaliyotoboka, si fizi, lakini ilithibitisha kuwa kifaa cha mkono kilichonolewa vizuri kinaweza kutoa tiba ya upole mahali pasipo na umeme wala bomba la maji. Kikwanguo cha mkono kina heshima hiyo hiyo. Kikitumiwa kwa ustadi, matokeo yake kwenye fizi hayapishani sana na ya mashine. Kinachukua muda mrefu zaidi tu.

Kisichoweza kupunguzwa ni usafi wa vifaa. Kila kifaa kinachoingia chini ya ufizi hugusa damu, na virusi vya homa ya ini aina ya B husambaa kwa kiasi kidogo mno cha damu. Kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi. Vifaa huoshwa, kisha huingizwa kwenye mtungi wa mvuke wenye shinikizo, kwa nyuzi 121 za sentigredi kwa angalau dakika 15, au nyuzi 134 kwa angalau dakika 3. Mgonjwa anaweza kuuliza kama kifaa kimetoka mtunguni, na swali hilo si utovu wa adabu.

Chuma kisicho cha hospitali kabisa ni msiba mwingine. Tanzania imewahi kuona watoto wachanga wakichimbwa fizi kwa spoku za baiskeli kwa imani ya "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni", wakati kilichoonekana kilikuwa ni meno ya chonge ambayo hayajaota. Baadhi yao walikufa kwa kuvuja damu na kwa maambukizi. Mtu mzima anayejikwangua ugaga kwa wembe, pini au msumari anajiletea jeraha la aina ile ile, bila ganzi na bila usafi.

Watu wa kutangulia kusema

Kukwangua fizi huingiza bakteria kwenye damu kwa muda mfupi. Kwa mtu mzima kiafya mwili huwamaliza. Kwa mwenye valvu ya moyo ya bandia, au aliyewahi kupata maambukizi ya valvu, bakteria hao wanaweza kutulia moyoni na kumuua. Huyo hupewa antibiotiki kabla ya kazi, kwa kawaida amoksilini gramu 2 saa moja kabla, kama hana mzio nayo. Mwenye ugonjwa wowote wa valvu, ukiwemo ule unaoachwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, aseme mapema ili daktari aamue.

Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda naye aseme, wala asiiache dawa kwa uamuzi wake. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa hupona taratibu. Mwenye VVU anayetumia dawa vizuri hutibiwa kama wengine. Mvutaji wa sigara huvuja damu kidogo, jambo linaloweza kumdanganya kuwa fizi zake ni nzima, na vidonda vyake huchelewa kufunga.

Baada ya kutoka kliniki

Siku ya kwanza mate yenye rangi ya waridi ni ya kawaida. Maumivu hutulizwa kwa parasetamoli. Asprini iepukwe kwa sababu huongeza kuvuja damu. Kuanzia kesho yake sukutua kwa maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, na piga mswaki laini asubuhi na jioni hata kama ufizi unauma. Kuacha mswaki kwa hofu ya kutonesha ndiko kunakorudisha ugonjwa, maana utando huanza kujijenga upya ndani ya saa chache.

Rudi hospitali siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya:

- damu isiyokoma baada ya kubana pamba au kitambaa safi kwa dakika 30;
- uvimbe wa ghafla wa shavu au shingo, au shida ya kumeza au kupumua;
- homa, au usaha kwenye ufizi siku chache baada ya kusafishwa, dalili kwamba mdomo wa mfuko umefunga huku ugaga ukiwa umebaki chini;
- kidonda cheupe au cheusi kisichopona ndani ya wiki mbili.

Na hata kama hakuna kati ya hayo, rudi kwa miadi ya kupimwa upya baada ya wiki 4 hadi 6. Mwombe daktari akusomee vipimo vya mifuko yako, vya kwanza na vya pili, jino kwa jino. Tarakimu hizo ndizo zitakazokuambia kama chuma kilitibu au kiliharibu.